Giza la Mwezi, Pesa Mkononi na Watu 61 Kwenye Karandinga: Uchambuzi wa Kisa cha Malindi

Kaskazi ikishika, wavuvi wa dago hushuka Malindi. Wengi wao ni Wapemba. Hupiga kambi ufuoni miezi mitatu minne, huvua kwa mashua zao au za tajiri wa hapa, na kusi ikianza kuvuma hufunga virago. Sasa chukua mtaa mmoja ulio kati ya bandari ya wavuvi na soko, ambako kila kaskazi watu hulia na uporaji wa panga. Mambo mawili yakiandamana mwaka baada ya mwaka, nani atakayesita kuyaunganisha? Wageni wamekuja, wezi wamekuja.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mtaa hautajwi, na hesabu za matukio zimepangwa kwa ajili ya zoezi. Sheria, tafiti na desturi za bahari zinazotajwa ni kama zilivyo.

Katika miezi miwili ya mwandamo, yaani siku 59, kituo cha polisi kiliandika kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, matukio 23 ya uporaji. Simu 11 zilikwenda, pesa taslimu zikachukuliwa mara 19, na watu wanne walikatwa, mmoja wao vibaya mkononi. Baraza likaitishwa kwa chifu. Wazee wa mtaa wakasema hawa si watoto wetu, ni watu wa dago pamoja na vijana waliokimbia Kisauni, Mombasa. Siku tatu baadaye, usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane, msako ukapigwa. Walibebwa watu 61.

Ukiwapanga hao 61, hesabu inakuwa hivi: wavuvi wa dago 22, watu tisa wa asili ya Pemba waliozaliwa hapahapa lakini hawana kipande (kitambulisho), vijana 18 waliokutwa kwenye maskani, yaani kijiwe chao, saba kati yao wakiwa chini ya miaka 18, na watu 12 waliokuwa na shughuli zao, kama walinzi wa maduka, watu wa bodaboda na mateja wawili waliolala barazani. Panga zilipatikana mbili, zote ndani ya mashua, za kukatia chambo na kamba. Simu iliyoibwa haikupatikana hata moja.

Asubuhi taarifa ikatoka: washukiwa 61 wa genge wametiwa mbaroni. Hapo ndipo uchambuzi unapoanzia, kwa sababu neno "washukiwa" lilihitaji kuulizwa: wanashukiwa kwa tendo lipi, la tarehe gani, dhidi ya nani? Kati ya matukio 23 ya OB, hakuna hata moja lililounganishwa na jina la mtu yeyote kati ya wale 61. Mafungu matatu yaliyo tofauti kabisa kisheria yalimiminwa kwenye selo moja: suala la hati, suala la kundi na suala la tendo.

Suala la hati lina sheria yake. Kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011, kuwepo nchini bila idhini ni kosa linaloweza kumfikisha mtu kwenye faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kosa hilo lina uzito wake, lakini kumthibitishia mtu kwamba hana pasipoti hakumthibitishii kwamba alishika panga. Suala la kundi nalo liko kwenye Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya 2010, inayotaka watu watatu au zaidi wenye mpangilio, waliodumu kwa muda na kutenda kwa pamoja kwa nia ya uhalifu mkubwa. Vijana 18 walioketi barazani wakitafuna muguka hawatoshei hapo mpaka mtu alete ushahidi. Na tendo lenyewe, uporaji wa kutumia nguvu, liko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 296. Mwendesha mashtaka anayefungua faili la tendo kwa ushahidi wa hati hulifunga mwenyewe kabla ya mwezi kwisha.

Siku yenyewe iliyochaguliwa ilileta matata yake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, inasubiriwa siku ya kazi inayofuata. Anayekamatwa Jumamosi saa nane usiku hufika mbele ya hakimu Jumatatu. Kwa hiyo watoto saba walilala kituoni siku mbili. Watoto wanapaswa kutengwa na watu wazima, lakini kituo chenye selo mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, kitawatenga wapi? Walilala na wakubwa. Matokeo yake tutayarudia chini.

Kuna kosa jingine lililoonekana dogo. Jumamosi asubuhi watu walioporwa waliitwa kituoni "kuja kuangalia". Wakawakuta washukiwa wamechuchumaa uani, na mtu akapiga picha ikasambaa WhatsApp kabla ya adhuhuri. Gwaride la utambulisho Kenya lina utaratibu wake: mshukiwa husimama pamoja na watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kimo, umri na sura, huchagua mwenyewe pa kusimama, na shahidi hatakiwi awe amemwona kabla, ana kwa ana wala kwa picha. Shahidi aliyeiona ile picha hawezi tena kusema "ndiye huyu" na mahakama ikamwamini, kwa sababu wakili atauliza swali moja tu: ulimtambua kutoka usiku wa tukio au kutoka simuni? Picha moja ya WhatsApp iliua mashahidi wote 23 kwa mpigo.

Mwisho wa msako ukawa huu. Wavuvi 19 walishtakiwa kwa kukosa idhini. Watu wengine waliachiwa mmoja mmoja, wa mwanzo Jumamosi adhuhuri na wa mwisho Jumatatu jioni, bila alama za vidole kuchukuliwa na bila maelezo kuandikwa. Kumbuka hilo la alama za vidole.

Sasa tuirudie OB. Mchambuzi hahitaji kompyuta. Karatasi ya mistari yenye safu saba inatosha. Safu ya kwanza ni saa na tarehe, ya pili mahali kwa alama inayojulikana (mwembe, kisima, kona ya duka la chapati), ya tatu ni nani aliyeporwa na kazi yake, ya nne kilichochukuliwa, ya tano silaha, ya sita wangapi na walizungumza namna gani. Ya saba ndiyo ambayo hakuna aliyeijaza: tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Msikiti wowote una kalenda yake ukutani. Tarehe hiyo inakupa umri wa mwezi bila kuhesabu chochote: mwezi 25 hadi mwezi 4 wa unaofuata ni giza, mwezi 11 hadi 18 ni mbalamwezi.

Ukijaza safu hiyo, karatasi inabadilika sura. Matukio 17 kati ya 23 yaliangukia siku 19 za giza; sita tu yalitawanyika kwenye siku 40 zilizobaki. Kwa siku moja, uporaji wa giza ni karibu mara sita ya uporaji wa siku nyingine. Na kati ya yale 17, kumi na moja ni ya saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili, sita ni ya saa moja hadi saa tatu usiku.

Mtu wa haraka atasema bila shaka, mwizi hupenda giza. Lakini ikiwa ni giza tu, mbona usiku wa manane, wakati wa giza kubwa kuliko yote, hakuna tukio hata moja? Na mbona yote yako kwenye kipito kimoja cha hatua mia tatu hivi, kati ya ufuo na barabara ya lami, huku vichochoro vyeusi zaidi vya mtaa uleule vikiwa salama?

Jibu liko kwenye safu ya tatu. Walioporwa alfajiri ni mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki ufuoni, wakamkaanga na kumuuza jioni. Uvuvi wa taa hufanyika giza la mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haivuti dagaa. Siku za giza mashua hurudi zimejaa, mnada huanza kabla ya jua, na mama karanga hushuka na shilingi elfu mbili tatu zimefungwa kwenye pindo la leso. Jioni hupanda kipito hichohicho na mauzo ya siku. Siku za mbalamwezi wavuvi hukaa kambini wakishona nyavu, mnada hudorora, na kipito hakina pesa.

Hapo ndipo dai la baraza linapopimwa. Wavuvi wa dago walikuwepo siku zote 59. Kambi yao haikuhama siku za giza wala siku za mbalamwezi, idadi yao ilikuwa ileile. Kama wao ndio waporaji, uporaji usingefuata mwezi hivi. Mtu asiye na kazi usiku wa mbalamwezi ndiye mwenye nafasi zaidi ya kuiba. Kilichopanda na kushuka ni pesa zilizopita njiani. Wageni na wizi huja pamoja kwa sababu wageni huleta samaki, samaki huleta pesa, na pesa huleta mwizi, ambaye anaweza kuwa mtu yeyote. Wataalamu wa jamii wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika mwaka 1979 kwamba uporaji huhitaji mambo matatu yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mwenye nia, chenye kuvutia, na kukosekana kwa jicho la kulinda. Mvuvi wa taa anajua hesabu hiyo kwa upande wa samaki.

Tahadhari moja kwa atakayelirudia zoezi hili: Ramadhani ikiangukia ndani ya kaskazi, safu ya jioni huvurugika yote, maana watu wako nje hadi usiku mkubwa na kipito hakikosi wapitaji. Usichanganye mwezi huo na mingine.

Wataalamu wa jinai wamelizungukia swali la wageni na uhalifu kwa muda mrefu, hasa Marekani. Robert Sampson na wenzake walifuatilia vijana katika vitongoji 180 vya Chicago kuanzia 1995, wakakuta kizazi cha kwanza cha wahamiaji kina uwezekano mdogo wa kufanya vurugu, kwa asilimia 45, kuliko Wamarekani wa kizazi cha tatu. Charis Kubrin na Graham Ousey walikusanya tafiti 51 za kati ya 1994 na 2014. Kwa wastani, kuongezeka kwa wahamiaji hakukuendana na kuongezeka kwa uhalifu, na pale uhusiano ulipoonekana ulielekea zaidi upande wa kupungua. Matokeo hayo ni ya kwao na hatuyabandiki Malindi kama stempu. Mhamiaji wa Chicago anakusudia kukaa. Mvuvi wa dago anahesabu siku za kurudi kwa mkewe Wete au Micheweni kule Pemba. Ila namna yao ya kuuliza inafaa popote: usiangalie kama wageni wapo, angalia kama uhalifu unapanda na kushuka pamoja nao, na ukiona unapanda, tafuta ni nini kingine kilichopanda siku ileile.

Sasa tuje kwenye kipande, kwa sababu kwa maoni yetu hapa ndipo hati zinapohusika kweli na uporaji, na si kwa njia ambayo baraza lilidhani. Kwa nini mama karanga abebe noti mwaka huu wa leo, wakati hata muuza mahamri hulipwa kwa M-Pesa? Kwa sababu mvuvi anayemuuzia hawezi kupokea. Kusajili laini na akaunti ya M-Pesa kunahitaji kitambulisho, na asiye na kipande wala pasipoti hana. Anataka noti mkononi, pale pale mchangani. Basi ukosefu wa hati wa mtu mmoja humfanya mwanamke mwingine, mwenye hati zake kamili, apite gizani na pesa. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba wa Kilifi na Kwale kuwa jamii ya Kenya, watu wapatao 7,000, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Lakini mvuvi wa msimu si wa kundi hilo, na hata kati ya waliozaliwa hapa wapo ambao karatasi zao bado zinazunguka ofisini. Wale tisa wa msako wetu ni wa aina hiyo: mtu ana mama aliyezikwa Malindi, na anaulizwa amekuja lini.

Athari ya pili ya hati ni kimya. Katika miezi miwili ya mwandamo baada ya msako, matukio kwenye OB yalishuka kutoka 23 hadi tisa, na mtu angeweza kuandika ripoti nzuri kwa hesabu hiyo. Lakini daftari la hospitali linasema vingine. Majeraha ya kukatwa ya watu wa mtaa huo, ukishaondoa ugomvi wa nyumbani na ajali za kazi, yalikuwa manne kabla na saba baada. Hospitali na polisi wakipishana namna hiyo, amini hospitali, kwa sababu mtu aliyekatwa hana hiari ya kwenda kushonwa, ila ana hiari ya kwenda kushtaki. Wavuvi walioporwa hawakwenda kituoni kwa kuogopa kuulizwa hati. Mama karanga watatu nao hawakwenda, maana waume zao ni wa dago. Hakuna sheria inayomtaka aliyeporwa awe raia ndipo malalamiko yake yaandikwe. Ni mazoea ya kaunta tu kuanza na "leta kipande". Isitoshe, baadhi ya mashua zilihama zikaanza kushusha samaki kilomita mbili kusini, kwenye ufuo usio na taa wala duka, na pesa zikahamia huko.

Tubaki kidogo na maskani. Kabla ya msako, wale vijana 18 walikuwa na mahali pa kukaa tu. Hawakuwa na jina. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliokubaliana fasili ya genge la mtaani wanataka mambo manne: liwe limedumu, liwe la vijana, maisha yake yawe barabarani, na uvunjaji sheria uwe sehemu ya utambulisho wa kundi lenyewe. La nne ndilo linalotenganisha genge na baraza la kupigia soga, na kwenye maskani hii halikuwepo. Walikuwemo wawili watatu wenye mkono mrefu, basi. Frederic Thrasher, aliyehesabu magenge 1,313 ya Chicago na kuchapisha mwaka 1927, aliona kwamba kundi la mchezo hugeuka genge kwa kugongana na wengine. Malcolm Klein aliona huko Los Angeles kwamba kuwabana vijana kwa jumla huwaunganisha wale ambao walikuwa wameshikana kwa uzi tu. Aliona pia, na hili huwashangaza wahisani, kwamba hata kuwapeleka michezoni na matembezini kama kundi kuliongeza mshikamano, na makosa yakaongezeka nao. Anayefikiria kuandaa mashindano ya mpira ambapo maskani itacheza kwa jina lake alifikirie hilo kwanza.

Watoto saba waliolala selo siku mbili na wakubwa walitoka Jumatatu wakiwa na hadithi moja, adui mmoja na, wiki mbili baadaye, jina lililopakwa rangi ukutani. Wawili waliotoka Kisauni walirudishwa kwao kwa amri ya baraza; walirejea baada ya siku tisa, na safari hii walipokelewa kama mashujaa.

Mkondo wa pili wa kazi ulianza na karatasi ya safu saba. Askari wawili waliwekwa kwenye kipito, si usiku kucha, ila saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili alfajiri na saa moja hadi saa tatu usiku, kwa siku kumi za giza tu. Hiyo ni saa tatu na nusu kwa siku. Karandinga la msako lilikula askari 20 kwa usiku mzima. BMU ya bandari, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, iliweka daftari la wavuvi wa dago kwa barua ya sheha wa kijiji chao, jambo ambalo wavuvi wameshalizoea wakienda dago huko Zanzibar kwenyewe. Malipo yakapitia kwa tajiri wa mashua mwenye M-Pesa: mama karanga hutuma, tajiri humlipa mvuvi mchana. Hapa kuna mtego. Tajiri akianza kukata "ya kutolea" kubwa, mvuvi atarudi kwenye noti ndani ya wiki moja, kwa hiyo makato huandikwa ubaoni, kila mtu ayaone. Taa mbili zilifungwa, moja ikaibwa balbu siku ya nne. Ikawekewa kizimba cha nondo. Na malalamiko ya mvuvi yakaanza kupokelewa kwa katibu wa BMU, anayeyapeleka kituoni yaandikwe OB kwa jina la mlalamikaji, bila swali la hati. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, siku hiyohiyo, kwa sababu jeraha la panga likishapona, daktari huandika kovu, na kovu haliwezi kusema lilikuwa la kina gani.

Upelelezi wenyewe ulishika simu. Kila simu ina namba ya IMEI ya tarakimu 15. Ukipiga *#06# inatokea kwenye kioo, na iko kwenye boksi ilimonunuliwa. Kati ya walioporwa simu 11, watatu tu walikuwa na boksi. Watatu walitosha. Namba moja iliibuka kwa laini mpya, laini ikaelekeza kwa fundi wa simu sokoni, fundi akamtaja aliyemletea. Alikuwa kijana wa miaka 24, mzaliwa wa mtaa uleule, dereva wa bodaboda ambaye kila alfajiri hubeba mama karanga hadi juu ya kipito na kujua nani kashuka na kiasi gani. Wenzake walikuwa wawili, mmoja wa maskani na mmoja wa mtaa wa pili. Mvuvi hakuwemo.

Yule wa bodaboda alikuwa miongoni mwa wale 61. Alikaa kituoni kwa muda wa saa kumi, akaachiwa Jumamosi adhuhuri, wa kwanza kutoka. Simu ya mtu mwingine ilikuwa nyumbani kwake usiku huo. Alama zake hazikuchukuliwa, ingawa panga lililoangushwa kwenye tukio la sita lilikuwa limehifadhiwa kabatini likisubiri alama za kulinganisha. Kesi yake sasa inasimama kwa simu, kwa fundi, na kwa panga hilo kama alama hazijafutika. Mama karanga aliyekatwa mkono anasema anamjua hata kwa sauti, lakini sura yake ilikuwa safu ya pili kwenye ile picha ya WhatsApp, na upande wa mashtaka umeamua kutomuuliza kuhusu sura.